MTOTO AKISHIKWA NA DEGEDEGE USIKU, USINIANDIKIE MIMI KWANZA



Ndugu zangu katika imani, leo nitaandika kwa urefu, na nitasema maneno ambayo baadhi ya walimu wenzangu hawatayapenda. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujakomenti.

Wanaonifuatilia siku nyingi wanajua kwamba simu yangu siizimi usiku. Watu huandika. Mmoja ndoa inamshinda, mwingine deni, mwingine kaota ndoto imemtisha. Hayo yanasubiri mpaka asubuhi, huwa nayajibu baada ya Alfajiri. Lakini upo ujumbe wa aina moja ambao ukiingia saa saba za usiku mimi sirudi tena kulala. "Sheikh, mtoto anastuka toka magharibi, macho yamegeuka, naomba dua ya mdege."

Wiki iliyopita umeingia mmoja. Sikuandika dua, nilipiga simu. Nikamuuliza dada yule, zahanati iko wapi? Akasema si mbali, kwa bodaboda hata robo saa haifiki. Sasa mbona bado uko nyumbani? Akasema mume yuko safarini, simu yake haipatikani, na mama mkwe amesema wamsubiri mwalimu wa mtaani aje amsomee. Mtoto ana miaka miwili. Ameanza kukakamaa magharibi na sasa ni saa saba.

Nilimwambia atoke. Habari zake zaidi ya hapo ni amana, sitazieleza, ila alitoka na alifika, alhamdulillah.

Sisi tuliokulia pwani, degedege tumelijua kabla hatujaijua alifu. Bibi zetu walikuwa hawapendi hata kulitaja jina. Walituambia ni mdege, kiumbe anayepita usiku, kivuli chake kikimwangukia mtoto basi anashikwa. Tiba zake mnazijua: mtoto huogeshwa majani, hufukizwa kwa kinyesi cha tembo, na kuna mahali mama huambiwa amkojolee mwanawe. Naam, najisi juu ya mwili wa mtoto wa Kiislamu, halafu tunaita tiba. Na juu ya yote hayo likawekwa sharti moja: mtoto mwenye degedege asichomwe sindano, akichomwa anakufa.

Hilo la sindano nimelifikiria sana, maana watu hawakulitunga tu. Waliona kwa macho yao. Mtoto anashikwa Jumatatu. Anaogeshwa, anafukizwa, anasomewa, anapelekwa kwa fundi wa kijiji cha pili. Siku ya tatu, akiwa hajitambui, hajanyonya wala hajala, ndipo anabebwa kupelekwa hospitali. Anachomwa sindano, na baada ya saa moja anafariki. Kijiji kinarudi na neno moja: sindano imemuua. Siku tatu zile hakuna anayezihesabu.

Waganga wa hospitali wanatueleza kwamba mtoto mdogo, hasa kati ya miezi sita na miaka mitano, homa ikimpanda anaweza kukakamaa na kutupa mikono na miguu. Mara nyingi hupita ndani ya dakika chache na mtoto hukua salama. Lakini katika nchi zetu za malaria, mshtuko huo unaweza kuwa dalili kwamba malaria imeshafika pabaya, au kwamba mtoto ana homa ya uti wa mgongo. Nyumbani huwezi kuvitofautisha. Wewe huwezi, mimi siwezi, na fundi wa kufukiza hawezi. Anayeweza ni mwenye kipimo. Malaria kali humshusha mtoto sukari ya mwilini mpaka akapoteza fahamu, na inaweza kummaliza kwa siku moja. Malaria haijui kwamba unamsubiri mwalimu.

Sasa niwasimulie jambo la kwetu.

Baba yangu mzazi, Allah amrehemu, alikuwa mwalimu wa chuo katika kijiji kimoja cha Kilwa. Alisomesha watoto asubuhi na jioni, na usiku watu walimjia na wagonjwa wao. Alikuwa akiandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaiosha, mgonjwa anakunywa. Walileta kuku, walileta mchele, wenye kidogo walileta shilingi. Hakuwa tapeli. Aliitakidi alichokifanya na alisoma kwa moyo wake wote.

Mwaka 1986, mvua za masika zikiwa zimekolea, mdogo wetu wa kike alishikwa. Alikuwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa na tisa, na nilikuwepo pale uani, nakumbuka mpaka harufu ya matope. Mama alitoka ndani amembeba, kichwa kimeenda nyuma, povu mdomoni, na alichosema ni jina la baba tu. Hakuongeza neno.

Majirani walijaa mara moja, kama kijijini kunavyokuwa. Shangazi yetu mkubwa, dada yake baba, akaja na chungu cha majani tayari, na mtu akakimbia kufuata kinyesi cha tembo kwa mzee mmoja aliyekuwa akikihifadhi. Wote wakamtazama baba, maana yeye ndiye mwalimu. Kama kuna nyumba ambayo degedege lingeondoka kwa kusomewa, ilikuwa ile.

Baba aliweka kiganja kwenye kichwa cha mtoto, akasoma Fatiha na Muawwidhatayni, akampulizia. Haikuchukua hata dakika mbili. Kisha akaingia ndani akatoka na baiskeli.

Shangazi akasimama mlangoni. Akamwambia, "Mdogo wangu, ukimpeleka kwenye sindano utamrudisha maiti."

Baba akamjibu, "Dada, lawama yote iwe juu yangu. Nishikie kibatari nifunge kariya."

Na shangazi akashika kibatari. Alikuwa analia na anasema vilevile, lakini alimulika mpaka kamba ikafungwa. Mama akakaa nyuma, mtoto kifuani kamlaza ubavu, kanga imewafunga wote wawili. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa baiskeli, na usiku ule kwa matope ulikuwa zaidi. Mama alitusimulia baadaye kwamba njia nzima baba alikuwa anasoma kwa sauti, anakanyaga huku anasoma, pumzi ikimkatikia katikati ya aya, anarudia tena pale alipoachia.

Mtoto alichomwa sindano ya kwinini, akalazwa siku nne. Yupo hai mpaka leo, ana watoto wake mwenyewe.

Watu wengi wangeishia hapo wakasema "mashallah". Kwangu mimi somo liko kwenye yaliyofuata. Masika yaleyale, nyumba ya nne kutoka kwetu, mtoto mwingine alishikwa. Yeye aliogeshwa na kufukizwa, akapelekwa siku ya tatu, na hakurudi. Baba ndiye aliyemsalia. Walipotoka makaburini watu wakasema sindano. Mtoto wa mwalimu aliyepona alikuwa akicheza palepale mbele yao, na bado wakasema sindano.

Baada ya hapo baba alibadilisha utaratibu wake. Mtu akija usiku na mtoto, alimwambia: nitakusomea, lakini nitakusomea njiani. Anatoa baiskeli. Kama mtu hataki kwenda kituoni, baba hakuandika kombe. Wapo waliokasirika. Walisema mwalimu kaishiwa na elimu, sasa amekuwa wakala wa madaktari. Wakahamia kwa mwalimu mwingine, na kuku na mchele ukahamia huko. Nyumbani tuliiona tofauti hiyo kwenye sahani. Hakuwahi kutufafanulia kwa hotuba ndefu, wala sikumbuki akijisifu kwa hilo.

Hapa najua wapo watakaoniandikia: sheikh, kwa hiyo unapinga ruqya? La, hasha. Ruqya ni haki. Abu Said al-Khudri (r.a.) amesimulia habari ya mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, akasomewa Suratul Fatiha na sahaba akapona, na Mtume (s.a.w.) akalikubali jambo hilo. Imo katika Bukhari na Muslim. Lakini Mtume huyohuyo (s.a.w.), mabedui walipomuuliza kama wajitibu, aliwaambia waja wa Allah wajitibu, kwa kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Ameipokea Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (r.a.). Siku ya Uhud, damu ilipokataa kukatika usoni kwa Mtume (s.a.w.), binti yake Fatima (r.a.) alipoona maji yanazidisha damu alichoma kipande cha mkeka akaweka majivu yake juu ya jeraha, damu ikasimama. Yule ni binti wa Mtume, na aliyejeruhiwa ni Mtume mwenyewe, ambaye dua yake hairudi. Mbona hakukaa akaomba tu? Alitafuta kinachozuia damu.

Kuna hoja nyingine ambayo ina uzito zaidi, na niliwahi kuulizwa na kijana msomi. Alisema: sheikh, mbona yule mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa alipomwendea Mtume (s.a.w.), alipewa hiari baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone, naye akachagua kusubiri? Je, hiyo si dalili kwamba kuacha tiba ni daraja kubwa?

Hadithi ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.). Lakini itazame vizuri. Mwanamke yule alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, aliulizwa, na alichagua juu ya mwili wake mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili amemchagulia nani kusubiri? Ukiacha dawa kwa ajili ya nafsi yako, wanazuoni wana maneno yao hapo na wamehitilafiana. Mtoto si nafsi yako. Ni amana uliyokabidhiwa, na huwezi kujipatia daraja ya subira kwa kutumia pumzi za mtu mwingine.

Na kwa walimu wenzangu, ndugu zangu ninaowapenda, nina hadithi moja tu. Jabir (r.a.) amesimulia, kama ilivyo kwa Abu Dawud, kwamba walikuwa safarini na mmoja wao alipigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hatuoni ruhusa kwako na maji unayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema wamemuua, na akawaapiza, na akauliza kwa nini hawakuuliza ikiwa hawajui.

Wale walikuwa masahaba. Hawakuwa na nia mbaya, walitaka swala ya mwenzao iwe sahihi. Hata hivyo lilitumika neno la kuua. Sasa mwalimu anayemwambia mama "usimpeleke, huu ni ugonjwa wa kienyeji", na hana kipimo, hajauliza mtu, na ana bahasha mfukoni, yeye atajibu nini? Ndugu yangu mwalimu, kama unataka kumsomea mtoto, panda naye gari. Elimu yako haipungui kwa kuwa imesomewa kwenye benchi la zahanati.

Nirudi kwa yule dada na mume asiyepatikana. Suala la ruhusa limeniuma kuliko yote. Haki ya mume ipo, siipunguzi. Lakini tusiigeuze kuwa kifungo ambacho hata mafaqihi hawakukiweka. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho Mashafii wote tunakirejea, mke kutoka bila idhini ni uasi, lakini papo hapo imetolewa mfano wa nyumba inayotaka kuanguka. Haambiwi asubiri mpaka dari limfike. Mtoto asiyejitambua ni nyumba inayoanguka. Dada yangu, toka. Mpigie mumewe ukiwa njiani, na akikasirika mwambie anitafute mimi.

Na wewe mume unayesoma haya, usisubiri siku hiyo. Usiku wa leo mkiwa mmekaa, mwambie mkeo mbele ya mama yako: akiumwa mtoto, au ukiumwa wewe, umeshaniomba ruhusa na nimeshakupa. Sekunde kumi tu. Hasa mama yako asikie, maana nyumba nyingi tatizo si mume, ni wakubwa waliobaki nyumbani ambao hakuna aliyewaambia lolote. Kisha weka pesa ya nauli mahali anapopajua. Ruhusa bila nauli ni maneno.

Kuna jambo la kombe pia, na hili sikilizeni vizuri hata kama mengine hamkubaliani nami. Mtoto akiwa anakakamaa, usimtie kitu chochote mdomoni, iwe maji, dawa, kijiko cha kutenganisha meno, wala kombe. Hawezi kumeza. Maji ya Qur'ani yakimwagwa kwenye koo la mtoto asiyejitambua yanaweza kuingia kwenye mapafu kama maji mengine yoyote, na kitabu cha Allah hakikuteremshwa kwa ajili hiyo. Mlaze ubavu, mlegeze nguo, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimbane mikono. Soma ukiwa umempakata, ni vizuri sana. Ukiweza angalia saa, mganga atakuuliza mshtuko umechukua muda gani. Na hata ukitulia, mpeleke. Wengi hapo ndipo wanapolala, wanasema mdege kaondoka.

Akifika apimwe damu. Siku hizi tone la kidole linatosha, jibu linatoka wakati unasubiri. Malaria ya kawaida ana dawa ya mseto, na ile kali ina sindano zake ambazo ni bora kuliko kwinini aliyochomwa mdogo wangu. Sindano hiyohiyo iliyoogopwa ndiyo inayookoa, ila inataka kuwahi.

Sasa nije kwenye msikiti, na hapa nasema nikiwa imamu, si mpita njia.

Kila msikiti ninaoujua una jeneza. Una watu wa kuosha, una sanda kabatini, una vijana wa kuchimba kaburi ambao ukiwapigia saa tisa usiku wanakuja na majembe. Akifa mtu, mchango unapatikana ndani ya saa moja: ubani, sufuria, turubai, gari la kwenda makaburini. Jambo jema hilo, ni faradhi ya kutosheleza na tunaifanya kwa uzuri. Lakini mtu huyohuyo jana yake usiku alikuwa hai, anatafuta shilingi elfu tano ya bodaboda, na hakuna mlango wa msikiti uliofunguliwa. Tumejipanga kumzika kuliko tulivyojipanga kumfikisha hospitali. Allah katika Suratul Maida amemfananisha anayeihuisha nafsi moja na aliyewahuisha watu wote. Aya hiyo tunaisoma sana kwenye mihadhara. Sijawahi kuikuta kwenye daftari la mweka hazina.

Gari la wagonjwa silisemei, hilo tutaota. Nasema kisanduku kidogo, chenye pesa za safari mbili au tatu, anachokishika mtu mmoja mwaminifu anayekaa karibu. Pawepo na dereva wawili wa bajaji waliokubaliana na msikiti kwamba wakipigiwa usiku wanakuja na kulipwa asubuhi. Kwa walioko Tanzania, mjamzito, aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga wana namba 115 ya mfumo wa m-mama, kupiga ni bure. Wangapi msikitini kwako wanaijua? Muulize imamu wako Ijumaa hii kama amewahi kuitangaza. Matangazo ya harusi tunayatangaza mpaka rangi ya kanzu.

Najua yupo atakayesema huu ni wajibu wa serikali. Ni kweli, na tuidai. Lakini degedege likiingia saa saba usiku, serikali iliyo karibu nawe ni jirani mwenye pikipiki.

Kwa hiyo ukiniandikia usiku kwamba mtoto anastuka, jibu langu umeshalijua: uko wapi, na zahanati iko wapi. Niandikie ukiwa umeshapanda chombo. Nitaamka, nitatawadha, nitasali rakaa mbili na nitamuombea kwa jina lake mpaka mfike, wallahi hilo nakuahidi.

Na kabla hujalala leo, chukua karatasi. Andika namba ya dereva wa bajaji, namba ya jirani mwenye pikipiki, namba ya zahanati kama ipo. Ibandike nyuma ya mlango, pale mlipobandika Ayatul Kursiyy, kwa maandishi makubwa ambayo bibi anaweza kuyasoma bila miwani.

Wabillahi tawfiq.